Tawi Mdomoni mwa Duara

Matongo
9 Mei 1993

Kwa Mjomba Kornelio,

Shikamoo Mjomba. Mimi mzima, ila mgongo. Barua hii nimempa dereva wa lori la mahindi anayekuja huko Mugumu. Ni mtu anayependa habari za watu, kwa hiyo nimeifunga kwa uji wa muhogo. Ukiikuta imebanduliwa, ujue ni yeye.

Safari hii sikuandikii kulalamika kwamba nimechoka na kwamba Asembo ni mbali na mama anazeeka bila kuniona. Hayo unayajua. Nakuandikia kwa sababu wewe ulikuwa karani wa mahakama, ukatafsiri maneno ya watu mpaka nywele zikawa nyeupe, na mimi nina mtu yuko mahabusu. Yuko kule kwa sababu yangu.

Kwanza ujue tunavyofanya kazi. Duara ni shimo tunalochimba dhahabu. Tajiri wetu anaitwa Heche. Jioni anatushusha kwa kamba, kisha anaivuta kamba juu na kuifungia stoo mpaka asubuhi. Anasema mchimbaji mwenye kamba ni mwizi mwenye mlango. Ukuta wa duara letu ni laini huko juu, hata paka hapandi. Kwa hiyo tukiwa chini tumekuwa kama maharage kwenye gunia lililoshonwa.

Na ujue jambo la pili. Hapa machimboni kuna amri moja ambayo hata mlevi anaiheshimu. Duara likionekana linataka kuanguka, aliyeliona analaza tawi bichi mdomoni mwake. Ukiliona tawi hushuki. Na kama kuna mtu chini, unamtoa kwanza, maswali baadaye. Tawi halichezewi. Atakayeliweka kwa uongo tunamfukuza, na hatathubutu kurudi.

Sasa sikiliza. Asubuhi ile tulikuwa chini mimi na Waitara, Mkurya mmoja mcheshi ambaye hajui kunyamaza hata akitafuna. Tukasikia sauti ya mwanamke juu.

"Nyie wa chini! Mnafanya nini huko, hamjaliona tawi?"

"Tawi gani, mama?" Waitara akajibu. "Huku hata miguu yetu hatuioni."

"Duara limewekewa tawi! Tokeni!"

"Tutoke na nini? Tuote mabawa?"

Basi hatukusikia tena sauti yake. Tulisikia shoka linapiga chuma. Halafu mtu akapiga kelele, halafu kamba ikaanguka mbele ya macho yetu. Mjomba, sijawahi kuona kitu kizuri kama kamba ile. Tulipanda bila kuulizana nani atangulie. Kusema kweli nilitangulia mimi.

Huyo mwanamke ni Nyangi. Alikuwa anakwenda mtoni na ndoo, akaliona tawi, akasikia nyundo zetu chini yake. Alimwambia mlinzi afungue stoo. Mlinzi, mzee Nyangwine, akasema ufunguo anao tajiri, asubiri. Nyangi akachukua shoka la kuni la mlinzi mwenyewe akavunja kufuli. Mzee akamshika, naye akampiga mkononi kwa mpini.

Tulisimama pembeni kungoja duara lianguke. Watu wakajaa. Jua likapanda. Waitara akasema, "Labda linangoja tunywe chai." Mjomba, halikuanguka. Mpaka leo limesimama.

Heche alipokuja akaona kufuli limevunjwa, na ndani ya stoo kuna viroba vyake vya mawe ya dhahabu. Akasema huyu hakuja kuokoa mtu, alikuja kuiba. Nyangi kachukuliwa. Mashtaka ni kuvunja stoo kwa nia ya kuiba, na kumpiga mlinzi. Watu wanasema hiyo ni jela, tena si ya kulala na kuamka.

Mwisho, ujue ni mke wa nani. Nyumba ntobhu wewe unaijua. Mimi Mjaluo wa ng'ambo nimeiona kwa macho hapa tu. Mama mmoja mjane, Mokami, hakupata mtoto wa kiume. Akatoa ng'ombe wake mwenyewe akamwoa Nyangi, ili watoto wa Nyangi wawe wa nyumba yake na jina lisizimike. Wana mtoto mmoja, anaanza kutembea. Sasa yuko mgongoni kwa bibi huyo na analia tangu asubuhi. Shamba lenye duara ni la huyo huyo Mokami. Heche alipewa ruhusa ya kuchimba, lakini siku hizi njia yetu ya chini inaelekea lilipo kaburi la marehemu mume wake, na bibi alishalalamika bure.

Je, Mjomba, sheria ina mlango wowote wa mtu kama Nyangi kutokea?

Mpwa wako,
Jairo Odoyo


Mugumu
16 Mei 1993

Mpwa wangu Jairo,

Marahaba. Uji wa muhogo umeshika vizuri. Ilinibidi nitumie kisu.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyosoma zaburi. Ulisema ukweli kwamba ulitangulia wewe kupanda. Wengine wangesema walimsukuma mwenzao kwanza. Endelea hivyo hivyo, maana utaitwa shahidi.

Milango ipo. Sheria haitazami mkono peke yake, inatazama na moyo uliousukuma mkono. Lakini kila mlango una kitasa chake, na kesi yenu iko mahakama ya mwanzo, ambako wakili haruhusiwi. Atajitetea kwa kinywa chake. Kwa hiyo mweleze taratibu, usimpe maneno ya kukariri.

Kuna utetezi wa kichaa. Mtu asiyejua atendalo hahukumiwi kama mwenye akili. Kuna ulevi, lakini huo usiuguse. Aliyekunywa kwa hiari yake mwenyewe, sheria humwachia mzigo wake mwingi. Kuna mtu anayechukua kitu akiamini kwa moyo safi kwamba ni haki yake. Mawe yalitoka shambani kwao, labda hapo pana jambo, ingawa kuingia hapo ni kama kukubali kwamba aliyataka mawe. Kuna kujikinga, na kumkinga mwingine. Na kuna anayetenda akiwa ametishiwa kuuawa papo hapo.

Sasa upo mlango mmoja ambao niliukariri nikiwa kijana na sijawahi kuuona ukifunguliwa. Mke aliyeolewa, akitenda kosa mbele ya mume wake, na akawa amelazimishwa na mume huyo, anaweza kujitetea kwa hilo. Makosa makubwa kabisa kama kuua hayamo. Angalia vitasa ni viwili: mume awe alikuwepo, na awe alilazimisha. Kimoja kikikosekana, mlango haufunguki. Na kwenu kuna kitendawili kingine kizuri: sheria ilipoandika "mume", ilimwona Mokami? Ningetoa jino langu moja la mbele niwepo siku hakimu akiulizwa hilo.

Mlango wa mwisho ni wa aliyekosea kwa kweli. Mtu akitenda akiamini jambo, imani yake ikawa ya kweli na yenye sababu ya kueleweka, basi anapimwa kana kwamba jambo lile lilikuwepo, hata kama halikuwepo. Niliwahi kutafsiri kesi ya mchungaji aliyeswaga mbuzi wa jirani gizani, akidhani ni wake. Mbuzi wote walikuwa na kengele iliyotengenezwa na fundi mmoja. Aliachiwa. Duara lenu kutoanguka si mwisho wa Nyangi. Swali ni alichoamini, na kwa nini.

Kwa hiyo niulizie mawili. Nani aliliweka tawi? Na Mokami alikuwa wapi asubuhi ile?

Usimalizie barua zako kwa kusema umechoka. Nalijua hilo kwa mwandiko.

Mjomba wako,
Kornelio


Matongo
24 Mei 1993

Shikamoo Mjomba,

Nilikwenda kumwona Nyangi mahabusu. Nilimpelekea ugali na dagaa; askari akaonja dagaa kwanza, akasema ni usalama. Nikamweleza milango yako mmoja mmoja kama ulivyoniambia.

"Niseme nilikuwa kichaa?" akauliza.

"Sheria inasema kama kweli ulikuwa."

"Kichaa ni yule anayefungia kamba na watu wako chini. Mpelekee yeye huo mlango."

"Na huu wa mali yenu? Mawe ya shamba lenu?"

"Jairo, ningekuwa nataka mawe ningebeba mawe. Nilibeba kamba. Kamba inaliwa?"

Askari akacheka mpaka dagaa wakampalia. Mjomba, mwanamke huyu amelala sakafuni wiki nzima na zaidi, na bado anaongea kama mtu aliyeketi kwenye kiti chake. Mimi ningeshamkubalia Heche kila kitu, hata wizi wa mwezi.

Nilipofika kwenye mlango wa mume aliacha kula. Akasema alipoamka asubuhi ile hakumkuta Mokami ndani, akadhani yuko zizini. Ndoo akachukua, akaenda. Hayo tu. Halafu akaniuliza mtoto amekula nini.

Kisha nikaenda kwa Mokami. Nilimkuta anakamua, mtoto mgongoni. Nikamwamkia, nikamweleza kitasa cha kwanza na cha pili.

"Nilikuwepo," akasema, kabla sijamaliza.

"Ulikuwepo wapi, mama?"

"Hapo duarani. Ukungu ulikuwa umelala chini, ng'ombe wanaonekana migongo tu."

"Na ulimlazimisha?"

Akakamua, akakamua. Maziwa yakajaa povu. "Nilimlazimisha. Andika hivyo. Mimi ni mume, nimesema."

Mjomba, nilitazama chini. Asubuhi ile nilitoka duarani nikamwona kila mtu aliyekuwepo, na Mokami hakuwepo. Ni kweli ukungu ulikuwepo, lakini ukungu mtu anaweza kuuona akiwa mlangoni kwake. Bibi kizee mwenye heshima yake, anayekemea watoto wakidanganya hata juu ya maembe, yuko tayari kusimama mbele ya hakimu aongope ili mke wake atoke. Nimeishi na wanaume wengi, hata baba yangu, na sijamwona mwanamume aliyempenda mkewe kiasi hicho. Nilijisikia mdogo.

Kuhusu tawi, hakuna anayelijua. Nimewauliza wachimbaji wote. Kila mmoja anaapa kwa mama yake. Heche ndiye amepata jibu. Anatembea akisema Nyangi aliliweka mwenyewe, ili apate kisingizio cha kuvunja stoo. Na watu wameanza kuitikia, kwa sababu duara halikuanguka. Mjomba, hapo ndipo panaponitisha. Kama hakuna mwenye tawi, tawi litakuwa la Nyangi.

Jambo jingine. Heche aliniita pembeni, akaniambia, "Jairo, wewe ni mgeni hapa. Sema tu ulimsikia akiuliza mawe yako wapi. Neno dogo." Nikamwambia chini hatukusikia habari ya mawe. Akasema nifikirie kazi yangu. Naifikiria. Ndiyo maana nimekuandikia leo na si kesho.

Jairo


Mugumu
30 Mei 1993

Jairo,

Naandika kwa haraka, lori linanguruma nje.

Usiseme neno dogo la Heche. Maneno madogo ndiyo niliyoyatafsiri maisha yangu yote, na watu walikwenda jela kwa hayo. Kazi ya kuchimba utaipata kwingine. Ardhi ya Mara haijaisha.

Kuhusu Mokami, namheshimu, lakini mwache asiongope. Hakimu atamuuliza alisimama upande gani, alivaa nini, alisema neno gani, na uongo wake ukibomoka utamwangukia Nyangi. Hapo hata ukweli wa Nyangi hautasadikiwa. Mlango wa mume uache, hata kama mimi mwenyewe ndiye niliyekuonyesha kwa kuupenda mno. Kosa hilo ni la mzee aliyekaa na vitabu.

Mwambie Nyangi aseme alichokiona na alichokiamini. Basi. Na endelea kumtafuta mwenye tawi.

Hivi ulisema Mokami alijibu kabla hujamaliza? Mtu anayetunga uongo huwa anasubiri swali liishe. Sijui. Linanikera kidogo.

Kornelio


Matongo
13 Juni 1993

Shikamoo Mjomba,

Laiti ungekuwepo. Ungetoa meno yote.

Tulifika mahakamani mapema. Barazani watu walikuwa wengi kama mnadani. Heche alikuja na koti. Alipomwona Mokami akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Leo tutamwona mume asiye na ndevu!"

Mokami akamtazama kidevu. "Niazime zako, Heche. Hujawahi kuzifanyia kazi yoyote ya kiume."

Watu waliangua kicheko, karani akatoka kutunyamazisha.

Ndani alikuwepo hakimu na wazee washauri wawili. Alianza Heche. Akaeleza kufuli, stoo, viroba. Hakimu akamuuliza, "Kamba ilikuwa wapi?" Akasema stoo. "Na watu?" Akasema chini. "Wangepandaje kama duara lingeanguka?" Heche akasema mchimbaji mwenye kamba ni mwizi mwenye mlango. Kule machimboni maneno hayo yanachekesha. Mle ndani hakucheka mtu. Hakimu aliandika, kalamu tukaisikia.

Akaja mlinzi, mzee Nyangwine, mkono umefungwa kitambaa. Sote tulijua anakula kwa Heche. Akasema, "Alinipiga, ndiyo. Kwa mpini. Upande wa chuma alikuwa nao, mheshimiwa, na mimi nilikuwa nimemshika nguo. Hakuugeuza." Kisha akaongeza bila kuulizwa, "Na mimi kufungua nilikataa." Heche alimtazama kama mtu anayetazama mbwa wake akilamba mkono wa mgeni.

Mimi nilisema tulichosikia, na kwamba habari za mawe hatukuzisikia. Waitara akasema hivyo hivyo, ila aliongeza habari ya mabawa, akakemewa.

Kisha Mokami. Mjomba, nilimwambia maneno yako yote. Nilimwambia aache. Akaitikia "Nimesikia", kumbe kusikia kwake si kukubali. Alisimama na kitenge chake cha bluu akasema, "Mimi ni mume wa huyu. Nilikuwepo duarani. Nilimlazimisha. Nifungeni mimi."

Minong'ono ikaanza. Askari anayeendesha mashtaka akatabasamu, akasema sheria inaposema mume ina maana ya mume. Mzee mmoja mshauri akaomba kusema. "Mheshimiwa, ng'ombe walitoka zizini kwa Mokami, wakaingia kwa kina Nyangi. Nilikuwepo, nyama nilikula. Kwetu hilo halina tabasamu." Askari akalimeza tabasamu lake. Hakimu akasema swali hilo ni kubwa na hatalijibu kabla ya kulihitaji. Akamgeukia Nyangi: je, ni kweli?

Mjomba, mlango ulikuwa wazi. Ilikuwa ni kusema ndiyo tu. Mtoto alikuwa mlangoni na jirani, anamwita mama. Nyangi alimtazama mtoto, akamtazama Mokami.

"Si kweli, mheshimiwa. Hakunilazimisha. Tangu anioe hajawahi kunilazimisha hata kwenda mtoni. Nilivunja mimi, kwa mkono wangu, kwa akili yangu. Asibebeshwe mtu mwingine. Niliona tawi. Chini nikasikia watu wanagonga. Nikaamini wanakufa."

"Duara halikuanguka," askari akasema.

"Nashukuru Mungu halikuanguka. Nilitaka lianguke ili nionekane mwema?"

"Tawi uliliweka mwenyewe."

"Sikuliweka."

"Basi aliliweka nani?"

Nilimwona Nyangi anatafuta jibu ukutani, kwenye dari, hakuna. Askari akaketi, akakunja nne. Nikasema moyoni, ameshinda.

"Ni langu."

Mokami alikuwa bado amesimama. Hakuna aliyemwambia aketi, wala aliyemwambia aseme.

"Tawi ni langu. La mkuyu, ulio nyuma ya nyumba. Nililiweka kabla hakujakucha vizuri. Njia yao ya chini inakwenda kwa mume wangu. Nilimwambia Heche, akasema marehemu hana mguu wa kukanyagwa. Nikasema, kipo kitu wachimbaji wanachokiogopa kuliko mimi. Nikakata tawi. Sikujua kuna watu chini, saa ile nyundo sikuzisikia. Naapa, sikujua. Nilirudi zizini kwa njia ya juu, na huyu akaja kwa njia ya mtoni."

Mjomba, hapo ndipo nilipokuelewa. Alikuwepo kweli. Alijibu kabla sijamaliza kwa sababu sehemu ile haikuwa uongo. Uongo ulikuwa ule wa kulazimisha tu. Mimi nilidhani ni mapenzi matupu. Kumbe yalikuwemo mapenzi, na ilikuwemo hofu. Aliyeweka tawi la uongo anafukuzwa, na yeye angefukuzwa kutoka shambani kwake, penye kaburi lile lile. Alitafuta njia ya kumtoa mke wake bila kulitaja tawi. Mke akaifunga njia hiyo kwa kusema kweli. Basi akalitaja, mbele ya wachimbaji wote waliojaa dirishani.

Nyangi alimgeukia taratibu, kama mtu aliyeitwa jina na mtu asiyemjua.

Hakimu alitoka na wazee wake, wakarudi. Alisema kuvunja kwa nia ya kuiba hakukuthibitishwa, maana aliyevunja alichukua kamba akaacha mawe. Alisema mtu akiamini kwa kweli, na kwa sababu ambayo yeyote wa mahali pale angeiamini, anapimwa kana kwamba alichoamini kilikuwepo. Tawi machimboni ni sababu. Kama duara lingekuwa linaanguka, nani angemlaumu kwa kufuli? Na kwa mzee Nyangwine alitumia nguvu kidogo kuliko aliyokuwa nayo mkononi. Akamwachia. Kitendawili chako cha mume hakukijibu. Alisema hakikuhitajika, na nadhani alishukuru.

Nje, wachimbaji walimzunguka Mokami. Niliogopa. Amri ni amri. Waitara akauliza, "Haya, tumfukuze. Aende wapi? Shamba lake, kaburi lake, mkuyu wake. Tutahama sisi." Wakabishana sana. Mwisho wakaamua asikaribie duara lolote akiwa na kitu cha kijani mkononi, hata mchicha. Na wakaamua jambo jingine ambalo hakuliomba: hakuna atakayepiga nyundo kuelekea kaburini. Heche akasema duara ni lake. Wakamwambia ashuke akachimbe mwenyewe, na kamba waifunge wao.

Mimi kazi kwa Heche imekwisha. Nimepata duara jingine, ng'ambo ya mto. Kabla sijashuka nimeuliza kamba inalala wapi.

Mpwa wako,
Jairo


Matongo
20 Juni 1993

Kwa karani Kornelio wa Mugumu,

Mimi ni Mokami. Sijui kuandika, anaandika mpwa wako na nimemwambia asipunguze wala asipambe. Ameketi hapa jikoni kwangu, amekunywa maziwa, kwa hiyo hana kisingizio.

Nakushukuru. Ulimtafutia mwenzangu milango mingi, naye akapita ule wa kusema kweli. Wewe na mimi tulidhani atapita mwingine. Wazee tuna haraka ya kuwadhania vijana.

Sasa nina swali langu. Tangu arudi, Nyangi hajasema na mimi. Anapika, anaweka chakula mbele yangu, anakwenda. Akitaka kuniambia kitu anamwambia mtoto, na mtoto hajui kuongea. Jana alimwambia mtoto, "Mwambie bibi yako chumvi imekwisha." Nimenunua chumvi. Hakusema asante.

(Mjomba, mimi Jairo: ni kweli. Nyangi yuko hapa hapa, anapepeta mtama, na anatupa makapi upande wetu.)

Nilimwoa ili nyumba yangu isizimike. Nikakaribia kuizima mwenyewe kwa tawi la mkuyu. Alilala sakafuni kwa ajili yangu, bila kujua ni kwa ajili yangu, na nilimwacha alale. Nilisema moyoni, atatoka, na hatajua. Hilo ndilo linaloniuma, si kufukuzwa wala mchicha. Sasa wewe unayejua vitabu, je, hakuna mlango wa mtu kama mimi? Aliyedanganya kwa ajili ya marehemu, akamponza aliye hai? Sikuwa kichaa. Sikuwa nimelewa. Hakuna aliyenilazimisha. Milango yako yote nimeijaribu, imefungwa. Nitafutie hata dirisha.

Niandikie

(Mjomba, hapa amenyamaza, kwa sababu Nyangi ameweka ungo chini. Naandika maneno yake kama yalivyo.)

"Jairo, mwandikie huyo karani asisumbue vitabu vyake. Mwambie kesi hii haiko Mugumu wala kwa hakimu. Iko hapa jikoni, na mwenye kuihukumu bado ana mtama wa kupepeta."

Mokami akauliza, mara ya kwanza nimesikia sauti yake ikiwa ndogo, "Itachukua muda gani?"

"Sijui. Ndoo ile pale. Maji yamekwisha."

Amesema hayo kwa Mokami, Mjomba. Si kwa mtoto. Kwa Mokami mwenyewe, akimtazama usoni.

Nilikuwa nimempaka Mokami masizi kwenye kidole gumba ili aweke alama yake hapa chini. Ameibonyeza haraka, upande, nusu imetoka nje ya karatasi. Barua inaishia hapa kwa sababu mwenyewe amechukua ndoo, amekwenda mtoni.